Kuamka Vibaya ni Uhaini

Jamhuri ya Palepale haipo kwenye ramani yoyote, na mimi niliyesoma huko nathibitisha kwamba haipo. Kwa hiyo ukisoma habari hizi ukadhani umewahi kumwona mtu fulani, au umewahi kusimama juani ukimsubiri mgeni fulani, tatizo ni macho yako. Kanywe maji, ulale.

Palepale ni nchi yenye kiasi. Ina Wizara ya Kiasi, ambayo ndiyo kubwa kuliko wizara zote, na ina Sikukuu ya Kiasi, ambapo wananchi hunywa mpaka wanaanguka ili kuonyesha kwamba wanaiunga mkono wizara hiyo. Mwaka mmoja, asubuhi iliyofuata sikukuu, kulikuwa na gwaride. Waziri wa Kiasi, Mheshimiwa Daktari Balthazari Kizibo, alipanda jukwaani akaona marais wawili. Akampigia saluti yule wa kushoto. Rais alikuwa wa kulia. Wa kushoto lilikuwa tangi la maji.

Hakuna aliyecheka, maana kucheka gwarideni ni kosa. Lakini Rais aliliangalia lile tangi kwa muda mrefu, na jioni hiyohiyo Mheshimiwa Kizibo akaambiwa atafute dawa ya aibu hii.

Kupiga marufuku pombe kusingewezekana. Kiwanda cha bia ni cha shemeji zake Rais, na shemeji ni watu wa kuheshimiwa. Mheshimiwa akafikiri, akafikiri tena, kisha akapiga marufuku asubuhi. Yaani alipiga marufuku mning'inio, ile hali ya mtu aliyelala na pombe kichwani akaamka bila pombe na bila kichwa. Kauli mbiu ya sheria ilibandikwa nchi nzima, hata kwenye migongo ya ng'ombe wa serikali: Kunywa ni haki ya raia, kuamka vibaya ni uhaini.

Dalili za mning'inio ziliandikwa na kamati ya wataalamu wenye uzoefu wa muda mrefu. Kamati ilijifungia hotelini, ikawa inafanya utafiti kila jioni na kuandika matokeo kila asubuhi. Ikakubaliana: macho mekundu, kichwa kugonga, mikono kutetemeka, kiu, kuchukia mwanga na kelele, na kutapika. Chini yake Mheshimiwa Kizibo akaongeza sentensi moja kwa mkono wake mwenyewe, ili watu wakose visingizio: "Mwenye dalili hizi ana mning'inio, na hana ugonjwa mwingine wowote."

Sentensi hiyo ilifanya kazi kwa bidii kuliko mtumishi yeyote wa serikali ya Palepale.

Wajawazito wa mwezi wa pili walijaa rumande, wakiwa wanatapikia ndoo moja. Alikamatwa baba wa mapacha wachanga, kwa macho mekundu. Walikamatwa waliolia msibani siku nzima. Abiria waliovuka milima ya kaskazini walikamatwa mara tu basi lilipomaliza kona, wakiwa bado wameshika vifuko vyao vya plastiki kama ushahidi. Mzee mmoja aliyepigwa na jua shambani alihukumiwa pamoja na jembe lake, kama mshirika.

Daktari mmoja alijitokeza redioni akasema mwili wa binadamu una maneno machache. Ukikosa maji, ukikosa usingizi, ukiingiwa na homa, ukipelekwa juu ya mlima au ukijazwa pombe, unalalamika kwa maneno yaleyale: kichwa, tumbo, kiu, zimeni taa. Ni kazi ya daktari, akasema, kuuliza mwili unalalamikia nini hasa. Serikali ilifurahishwa mno na maelezo hayo ikampeleka masomoni. Chuo alichopelekwa kina vyuma madirishani, na masomo hayajaisha.

Na wakubwa, je? Wakubwa wa Palepale hawapati mning'inio. Wao hupata uchovu wa ndege. Mkubwa akionekana asubuhi amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba na anaongea kwa kunong'ona, tunajua ametoka mbali, amevuka nchi zenye saa tofauti na zetu. Naibu waziri mmoja alipata uchovu wa ndege kwa kutoka chumbani kwenda sebuleni.

*

Mimi nilikuwa kidato cha nne katika Sekondari ya Wasichana ya Mlima Tii, shule ya bweni. Nilikuwa kiranja wa itifaki, kazi ya kupokea wageni. Nilipewa cheo hicho baada ya mbuzi wa mkuu wa shule kuonekana paredi akiwa amevaa sare na tai, jambo ambalo sihusiki nalo, ingawa tai ilifungwa vizuri. Walimu waliona kwamba madaraka yangenituliza. Wamesoma saikolojia.

Rafiki yangu Sikudhani alilala kitanda cha juu yangu. Ndiye aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote, na akili kuliko wote, na ndiye peke yake aliyekuwa akinifanya niogope kufeli. Mama yake alikuwa anauza vitumbua stendi, na kila kitumbua kilikuwa kinaelekea kwenye mtihani wa mwisho wa Sikudhani.

Siku Mheshimiwa Kizibo alipokuja kutufafanulia sheria yake mpya, Sikudhani alipangwa kusoma risala. Aliamka anatetemeka. Matroni Leokadia, mama wa zahanati ya shule, alimgusa shingo akasema, "Hii malaria, tena imekomaa. Mtoto alale, nimchome kwinini."

Mkuu wa shule, Madam Teofila, akasema, "Atalala mgeni akishaondoka."

Mgeni alichelewa mpaka jua lilipofika utosini. Aliposhuka garini na miwani yake, Sikudhani alisogea, akafungua karatasi ya risala, akasema "Mheshimiwa mgeni rasmi," na hapohapo akatapika juu ya viatu vya mgeni rasmi.

Mheshimiwa alivua miwani. Alimtazama kwa macho ya mtu anayemtambua ndugu.

"Huu naujua," alisema. "Huu ni wa gongo."

"Ni malaria, baba," alisema Matroni Leokadia, sindano yake tayari kwenye kitambaa. "Naomba nimhudumie."

"Sheria haitambui malaria yenye dalili hizi. Mama, weka hiyo sindano chini. Unataka kumsaidia mhaini?"

Madam Teofila alikuwa amemfundisha Sikudhani kwa miaka. Alikuwa akimwita "binti yangu" mbele ya wageni. Akainama akaanza kufuta viatu vya Waziri kwa kitambaa chake cha kichwa, huku akisema, "Hata mimi nilikuwa namshuku."

Sikudhani akafukuzwa shule, na mama yake akaja kumchukua akiwa na unga wa vitumbua kwenye viwiko. Alijitwika godoro kichwani, akashika tranka mkono mmoja na mwanawe mkono mwingine. Langoni akageuka akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia, "Mwalimu, mwanangu amekunywa nini?"

"Hatujui," alisema Madam Teofila, "lakini Waziri anakijua."

Katika Palepale, mwanafunzi aliyefukuzwa kwa mning'inio asiporudishwa kabla ya mtihani wa taifa, hafanyi mtihani huo maishani mwake. Mtihani ulikuwa unakuja mara tu baada ya Sikukuu ya Kiasi.

Sikulia. Niliketi kwenye kitanda changu, nikaitazama chaga tupu iliyokuwa juu yangu, nikakumbuka kwamba mimi ni kiranja wa itifaki.

*

Lazima nieleze desturi moja ya Palepale, maana bila hiyo hadithi hii isingekuwepo. Huko, kitu chochote kinachozinduliwa, mgeni rasmi ndiye hukitumia wa kwanza. Kikizinduliwa kisima, yeye hunywa wa kwanza. Kikizinduliwa kiti cha daktari wa meno, yeye hung'olewa wa kwanza. Mheshimiwa Kizibo alishawahi kuzindua wodi ya wazazi, akalazwa, akafunikwa shuka, na wakunga wakampigia makofi. Alizindua choo cha soko mlango ukiwa wazi kwa ajili ya wapiga picha. Kukataa kutumia ulichozindua ni kulitukana taifa, na hakuna kiongozi aliyewahi kukataa.

Nilikwenda ofisini kwa Madam Teofila nikiwa nimechomekea vizuri.

"Madam, naomba shule yetu ifute aibu. Tulimtapikia Waziri."

"Tulimtapikia!" alisema, akashika kichwa. "Silali, Zaituni. Uhamisho wangu wa kwenda wizarani umekwama kwenye vile viatu."

"Tujenge Chumba cha Kipimo cha Mning'inio, Madam. Cha kwanza katika shule zote. Tumwalike akizindue, na jina lake tuliandike juu ya mlango."

Nililiona lile jina likijiandika machoni pake.

"Chumba tunacho wapi?"

"Ile stoo ya dagaa, Madam. Ina nafasi."

"Lini?"

"Asubuhi baada ya Sikukuu ya Kiasi. Ndiyo siku ya maana zaidi kwa sheria hii."

Alinikumbatia. Alisema kweli madaraka yamenituliza.

Stoo ilipigwa chokaa nyeupe sana. Dagaa waliondolewa, lakini walikuwa wamekaa mle miaka mingi na harufu yao ilikataa kuondoka, nasi hatukuisukuma. Kwenye paa tukaweka mabati yanayopitisha mwanga. Viti vya wageni tukavigeuza vitazame mashariki. Bendi ya shule, ambayo tarumbeta zake zilikanyagwa na lori zamani na hazijawahi kukubaliana, ilifanya mazoezi kwa moyo wote.

Mheshimiwa alijibu mwaliko kwa swali moja tu: jina litaandikwa kwa herufi kubwa?

*

Mheshimiwa alifika asubuhi hiyo ya baada ya sikukuu akishuka garini kwa kuanza na mguu mmoja, akasubiri habari kutoka kwenye mguu huo, kisha akauleta wa pili. Alikuwa amesherehekea kiasi chote cha nchi nzima. Redio ya Taifa ilikuwa imekuja kutangaza moja kwa moja. Afande Sururu, mkuu wa polisi wa wilaya, alikuwepo na pingu zake, maana sheria inataka afande awepo kila panapopimwa. Afande Sururu ni mtu anayeishika sheria kama ilivyo. Aliwahi kumkamata dada yake akiwa na mimba ya mwezi wa pili, kisha akampelekea maembe rumande.

Bendi ilipiga wimbo wa taifa. Kisha wimbo wa wizara. Kisha wimbo wa shule, wenye beti nyingi.

Nilisimama nyuma ya kiti cha Mheshimiwa kama itifaki inavyotaka. Akanong'ona bila kugeuza shingo, "Mwanangu, hakuna kivuli?"

"Kipo, mheshimiwa. Kimepangwa kwa wageni wa kawaida."

"Na hiyo ngoma kubwa, ni lazima?"

"Ni ya heshima yako, mheshimiwa."

"Punguzeni heshima."

"Haiwezekani, mheshimiwa. Wewe ni mtu mkubwa."

Madam Teofila alisoma risala. Alikuwa ameiandika mwenyewe, na alikuwa amemsifu Mheshimiwa kuanzia kuzaliwa kwake. Alipofika miaka ya shule ya msingi, jasho lilikuwa linamtiririka mgeni rasmi mpaka kwenye tai. Hatimaye akaitwa kukata utepe. Mkasi ulicheza mkononi mwake kama mdudu, ukakata hewa, ukakata tena hewa, na mwishowe utepe ukaachia wenyewe kwa huruma.

Aliingia. Harufu ikampokea.

"Nini hiki?" alisema, mkono mdomoni.

"Ni chumba chako, mheshimiwa," nilisema. "Karibu kiti. Mgeni rasmi hutumia wa kwanza."

Alitazama mlango. Mlangoni kulikuwa na wapiga picha, redio, wazazi, na shule nzima. Madam Teofila alikuwa anapiga makofi. Akakaa.

Sheria ya Kizibo inasema dalili zisomwe kwa sauti, na wananchi waliopo wajibu. Nilisogeza kipaza sauti cha redio karibu naye, nikasoma.

"Macho mekundu!"

Watu walisita. Mheshimiwa alikuwa bado na miwani. Afande Sururu akasogea, akamvua kwa adabu, akaikunja, akamwekea mfukoni.

"Anayo!" alisema Afande. Watu wakamfuata, kwa woga kwanza. "Anayo!"

"Mikono kutetemeka!" Nikampa kikombe cha chai juu ya kisosi. Kilianza kulia kama kengele ya mapumziko. Nchi nzima ilikisikia kupitia redio.

"Anayo!" Sasa woga ulikuwa umepungua.

"Kuchukia mwanga na kelele!" Bendi, iliyokuwa nje ya dirisha, ikapuliza.

"Nyamazeni, washenzi!" alilia Mheshimiwa, akijifunika uso.

"Anayo!"

"Kiu!" Chai ilikuwa imekwisha. Alikuwa anatazama kisosi.

"Anayo!"

"Kichwa kugonga!"

"Hicho hakionekani!" alipiga kelele Mheshimiwa. "Hamuwezi kukiona!" Kelele yake mwenyewe ikamfikia, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Anayo!" Wazazi walikuwa wanapiga vigelegele.

"Kutapika," nilisema, taratibu, nikafungua gunia moja dogo la dagaa lililokuwa limesahaulika kwenye kona.

Madam Teofila alikuwa amekuja karibu ili aonekane kwenye picha. Viatu vyake vilikuwa vipya.

Hata sikuhitaji kusikia jibu. Afande Sururu alikuwa ameshatoa pingu.

"Mheshimiwa, samahani sana. Una zote."

"Ni uchovu wa ndege!"

"Umekuja na gari, mheshimiwa. Nimelipokea mimi."

Mheshimiwa alitazama pingu. Alitazama watu, ambao kwa mara ya kwanza katika maisha yake hawakuwa wanampigia makofi. Akakamata kipaza sauti kama mtu anayezama.

"Ni malaria!" alisema. "Naumwa malaria!"

"Mheshimiwa," nilisema kwa masikitiko, "mwenye dalili hizi hana ugonjwa mwingine wowote. Imeandikwa."

"Ni upuuzi! Nani kaandika upuuzi huo? Mtu mwenye homa anatetemeka, anatapika, kichwa kinamuuma, hataki mwanga! Mtoto yeyote wa shule anajua!"

Sauti hiyo ilitoka kwenye redio za wauza nyama, za magereza, na za stendi ambako palikuwa na mama mmoja wa vitumbua.

"Kama Sikudhani, mheshimiwa?" niliuliza.

"Sikudhani ndiye nani?"

Hapo nilitaka kumpiga kwa kisosi. Hakumkumbuka. Alikuwa ameyakunja maisha ya rafiki yangu na godoro lake, akayasahau pale langoni.

"Yule aliyekutapikia viatu."

"Ah, yule! Malaria! Yule naye alikuwa na malaria! Wote wana malaria! Andikeni hivyo, tangazeni, mtoeni popote alipo, mradi huyu afande aweke hivyo vyuma mfukoni!"

Afande Sururu alirudisha pingu mfukoni. Kisha akapiga saluti. "Waziri mwenye sheria ametamka. Malaria ipo. Sikudhani arudishwe." Akajifuta uso. "Na dada yangu pia."

Mheshimiwa akashusha pumzi. Akajaribu kusimama.

"Unakwenda wapi, baba?" alisema Matroni Leokadia.

Alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake. "Malaria yenye kutapika hatuiachii mgonjwa aende nayo nyumbani. Sindano hii niliiandaa kwa ajili ya yule mtoto, ukaniambia niiweke chini. Nikaiweka vizuri. Geuka."

"Mama, sasa najisikia nafuu."

"Nafuu?" alisema Afande, mkono ukirudi mfukoni. "Malaria haiponi hivyo, mheshimiwa. Kinachopona hivyo ni kile kingine."

Mheshimiwa Daktari Balthazari Kizibo akageuka. Bendi, bila kuamriwa na mtu, ikapiga wimbo wa wizara.

*

Kwinini, kwa wasioifahamu, ni dawa chungu yenye tabia zake. Masikio huvuma, kichwa hugonga, tumbo huchafuka, mikono hutetemeka, na mwanga hauvumiliki. Kwa hiyo kila asubuhi Afande Sururu alipokuja zahanati kumkagua mgonjwa, alimkuta na dalili zote. Kila asubuhi alimuuliza kama ni malaria au ni kile kingine. Mheshimiwa akajibu malaria. Matroni Leokadia akachemsha sindano.

Neno moja la kweli lingemtoa pale. Angesema "nilikunywa," angelipa faini yake kama raia, maana sheria humtoza faini tu anayekiri, na angekwenda nyumbani. Lakini wakubwa wa Palepale hawajawahi kulitamka neno hilo, na mdomo wake haukujua pa kulianzia. Madam Teofila ndiye aliyepangwa kumwaga ndoo. Mheshimiwa alikuwa akimwita "mama yangu" mbele ya wageni.

Sikudhani alirudi na godoro lake. Alikuwa amekonda, amekasirika, na amesoma vitabu vyote nyuma ya meza ya vitumbua. Tulifanya mtihani. Siku tulipoweka kalamu chini, aliniomba nimpeleke zahanati.

Mheshimiwa alikuwa kitandani, kitambaa chenye maji kwenye paji. Nje ya dirisha bendi ilikuwa inafanya mazoezi.

"Binti," alisema, "wewe ni nani? Una uso wa huruma. Waambie wanitoe hapa."

Sikudhani hakumwambia yeye ni nani. Alimshikia kikombe cha maji mpaka akamaliza, akamfuta kidevu. Kisha akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia:

"Mheshimiwa, ulikunywa nini?"

Nje, tarumbeta zilikuwa zinavuta pumzi. Mheshimiwa alimtazama, akautazama mlango uliokuwa wazi, akalamba midomo. Nililiona neno likipanda kooni mwake, likafika, likachungulia.

"Malaria," alisema.

Sikudhani aliweka kikombe chini.

"Matroni," aliita, "bado anaumwa."